Kuacha, kuachishwa, kupunguzwa: maneno ya kuyajua ukipoteza kazi

Mama mmoja niliyefanya naye kazi kiwandani aliitwa ofisini Ijumaa alasiri. Akawekewa mezani karatasi yenye mistari mitatu. "Mama, weka saini hapa tukulipe leo leo." Akasaini, akalipwa mshahara wa mwezi ule, akapanda daladala kurudi nyumbani. Baada ya miezi miwili alikwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii kudai fao la kupoteza ajira, na dirishani akaambiwa kwamba barua yake inasema ameacha kazi mwenyewe, na fao hilo halimhusu mtu aliyeacha.

Hakuwa ameacha. Alikuwa ameachishwa. Mimi wakati huo nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye tawi letu, na karatasi ile niliiona ikiwa imeshachelewa. Tangu siku hiyo kila mtu anayeniletea habari za kupoteza kazi namuuliza swali moja kwanza: barua yako imetumia neno gani?

Mwongozo huu umepangwa kwa hatua, kuanzia siku unapopewa barua hadi siku unapoanza kazi nyingine, na kila hatua ina maneno yake. Unahusu Tanzania Bara, hasa wafanyakazi wa sekta binafsi. Zanzibar wana Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na mfuko wao wa ZSSF, kwa hiyo baadhi ya siku na viwango nilivyotaja hapa havihusiki kule.

Hatua ya 1: Soma neno lililo kwenye barua

Sheria inayotawala mambo haya Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004. Mtaani tunasema "nimefukuzwa" kwa kila jambo, lakini ofisini kila neno lina mlango wake.

Kuacha kazi ni pale unapoandika barua mwenyewe kwamba unaondoka. Ukishaandika hivyo, umejifungia mlango wa fao la kupoteza ajira, na pia umempa mwajiri ushahidi kwamba hakukuondoa. Ndiyo maana baadhi ya waajiri huandaa barua hii wao, wakaiweka mbele yako siku ambayo akili yako imevurugika. Usiisaini. Kama unaambiwa "ni utaratibu tu", omba kwenda nayo nyumbani ukaisome. Karatasi halali haiharibiki kwa kulala usiku mmoja kwenye begi lako.

Kuachishwa kazi ni mwajiri kukatisha ajira yako. Sheria inamtaka awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kasoro ikiwa kwenye kimojawapo, kuachishwa huko kunaweza kuitwa kuachishwa isivyo haki. Hata hivyo, aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6 hawezi kudai kuachishwa isivyo haki, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Wengi walio kwenye kipindi cha matazamio hawalijui hilo, hutumia nauli na muda bure.

Kupunguzwa kazi ni kuachishwa kwa sababu za uendeshaji: biashara imeshuka, mashine mpya imekuja, idara imefungwa. Wewe huna kosa. Kabla ya kupunguza, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya nia yake, kueleza sababu, na kushauriana na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kuhusu nani apunguzwe, kwa kigezo gani, na kwa malipo yapi. Mkitangaziwa Jumatatu kwamba wanaopunguzwa ni hawa na waondoke Jumanne, hapo hapakuwa na mashauriano.

Kusimamishwa kazi ndilo neno linalochanganya watu kuliko yote. Aliyesimamishwa bado ni mfanyakazi. Anapisha uchunguzi, na mshahara wake kamili unaendelea. Nimeona vijana wakisema "nimesimamishwa" huku wameshafunga mizigo kwenda kwao Singida, kisha kikao cha nidhamu kinakaa bila wao na uamuzi unatoka upande mmoja. Ukisimamishwa, baki karibu, simu iwe hewani, na barua ya wito uijibu kwa maandishi.

Mkataba kuisha ni jambo jingine tena. Mkataba wa muda maalumu unakufa tarehe yake ikifika, isipokuwa kama kulikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia utahuishwa, kwa mfano umehuishwa mara kadhaa na bosi ameshakuandikia kuhusu ratiba ya mwaka ujao. Weka ujumbe kama huo. Kutohuisha mkataba katika mazingira hayo nako sheria inakuhesabu kama kuachishwa.

Halafu kuna hali ambayo watu wengi hawajui kwamba ina jina kisheria: kulazimika kuacha. Mwajiri amekufanyia mambo yasiyovumilika, amekunyima mshahara miezi, amekutukana mbele ya wateja, mpaka ukaondoka mwenyewe. Sheria inaweza kulitazama hilo kama kuachishwa, ila mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako. Kwa hiyo kabla hujaondoka, andika malalamiko, yafikishe, na nakala ubaki nayo ikiwa na muhuri au saini ya aliyepokea.

Hatua ya 2: Kabla hujatoka getini

Omba cheti cha utumishi. Ni karatasi inayosema ulifanya kazi gani, kuanzia lini hadi lini. Kukupa ni wajibu wa mwajiri kwa sababu yoyote ile iliyokuondoa, na bila karatasi hiyo miaka yako yote ya kazi inabaki kuwa maneno ya mdomoni mbele ya mwajiri mwingine. Chukua pia barua ya kuachishwa yenye sababu na tarehe, nakala ya mkataba, na hati za mshahara za miezi ya karibuni.

Kisha hesabu fedha zako. Hapa maneno ni mengi, na kila moja lina hesabu yake.

Mshahara wa msingi ni ule ulioandikwa kwenye mkataba kabla ya posho, saa za ziada na marupurupu. Mshahara ghafi ni jumla ya vyote kabla ya makato. Unachopokea mkononi ni baki baada ya makato. Malipo mengi ya mwisho huhesabiwa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo ukipiga hesabu kwa ghafi utajipa matumaini ya bure, na mwajiri akikupigia kwa ulichopokea mkononi amekupunja.

Tuchukue mfano. Mtu ana mshahara wa msingi wa shilingi 520,000, anafanya kazi siku sita kwa wiki, na amemaliza miaka mitano na miezi mitatu. Kwa siku sita za kazi kila wiki, mwezi unahesabiwa kuwa na siku 26. Gawanya 520,000 kwa 26, unapata 20,000 kwa siku.

Notisi: kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Mwajiri asipotaka ufanye kazi siku hizo, anakulipa fedha badala yake. Kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, notisi ni siku 4. Na kwa yeyote aliye ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, ni siku 7.

Malipo ya likizo: likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, zikihesabiwa na Jumapili zilizomo. Siku ulizostahili na hukuzichukua zinalipwa, na sehemu ya mwaka ambao haujaisha nayo inahesabiwa.

Kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, isizidi miaka 10, kwa mtu aliyefanya kazi mfululizo angalau miezi 12. Kwa mfano wetu ni 20,000 mara 7 mara 5, yaani shilingi 700,000. Ile miezi mitatu ya mwisho haihesabiwi. Anayekosa malipo haya ni aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, au aliyepewa kazi mbadala inayofaa akaikataa bila sababu ya maana.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu neno kiinua mgongo linatumika kwa vitu viwili. Watu hulitumia pia kwa fedha za mkupuo ambazo mstaafu hupata kutoka kwenye mfuko wa pensheni. Hizo ni fedha mbili tofauti, zinatoka sehemu mbili tofauti. Kiinua mgongo cha kuachishwa kinatoka kwa mwajiri. Akikuambia "kiinua mgongo chako utakikuta NSSF", mwambie kwa adabu kwamba kile cha siku saba kwa mwaka ni cha kwake.

Kuna pia nauli. Kama uliajiriwa Mbeya ukaletwa kufanya kazi Dar es Salaam, mwajiri anawajibika kukurudisha mahali ulipoajiriwa, wewe na mizigo yako, au kukulipa gharama hiyo. Wafanyakazi wa mashambani na wa miradi ya ujenzi huisahau haki hii mara nyingi.

Ukipewa karatasi ya malipo ya mwisho yenye sentensi kwamba "sina dai lingine lolote", soma jumla iliyoandikwa kabla ya kusaini. Kama huridhiki na kiasi, andika pembeni ya saini yako kwamba umepokea fedha hizo na unaendelea kudai kilichobaki.

Hatua ya 3: Siku 30 za kwanza

Kama unaona umeachishwa isivyo haki, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Una siku 30 tangu siku ya kuachishwa, au tangu mwajiri alipofanya uamuzi wa mwisho. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Siku hizi huhesabiwa kwa kalenda. Wengi huzimaliza wakisubiri bosi "akae na wenzake", na bosi anajua.

Utajaza fomu inayoitwa CMA F1. Nakala moja unampelekea mwajiri, anaipokea kwa saini au muhuri, ndipo unaiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipata. Kwenye sehemu ya kueleza mgogoro, rudi kwenye maneno ya Hatua ya 1. Ukiandika "nimeacha kazi" kwa mazoea ya kuongea, umeharibu shauri lako kwa mkono wako.

Kwanza hufanyika usuluhishi: msuluhishi anawakalisha mezani, nyote mnaongea, naye hana mamlaka ya kumlazimisha yeyote. Mkishindwana, shauri linakwenda kwenye uamuzi, ambapo kuna ushahidi, viapo na maswali, na mwishoni inatolewa tuzo. Neno tuzo hapa lina maana ya hukumu ya Tume. Ukichelewa siku 30 hujazuiwa kabisa, unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa, na "sikujua sheria" mara chache sana inamsaidia mtu.

Hatua ya 4: Mfuko wa hifadhi ya jamii

Sekta binafsi iko NSSF, na watumishi wa umma wako PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, PPF, LAPF na GEPF.

Maneno mawili ya kutenganisha hapa ni makato na michango. Makato ni kinachoondolewa kwenye mshahara wako. Michango ni kilichofika kwenye mfuko. NSSF hupokea asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya asilimia 10, iliyobaki ni ya mwajiri. Hati ya mshahara inaweza kuonyesha makato kila mwezi kwa miaka mitatu, huku taarifa ya michango ikionyesha miezi kumi na minne tu. Omba taarifa ya michango ungali kazini, angalau mara mbili kwa mwaka. Ukikuta miezi imekosekana, peleka NSSF hati za mshahara za miezi hiyo, kwa kuwa mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri. Ndiyo sababu nasema hati za mshahara zisitupwe.

Sasa fao lenyewe. Hadi kabla ya mabadiliko ya 2018 watu walizoea "fao la kujitoa": unaacha kazi, unachukua michango yako yote, unaanza upya. Wengi bado wanaliulizia dirishani kwa jina hilo. Mahali pake pamewekwa fao la upotevu wa ajira. Linamhusu mwanachama aliyeondolewa kazini bila kuacha mwenyewe, aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hajafikia umri wa mafao ya uzee na hajapata kazi nyingine. Malipo yake ni asilimia 33.3 ya mshahara, kila mwezi, kwa muda usiozidi miezi 6. Yule mtu wetu wa 520,000 atapata takriban 173,000 kwa mwezi. Aliyechangia chini ya miezi 18 hapati malipo ya kila mwezi. Yeye hulipwa kwa mkupuo kutokana na michango yake.

Naelewa hasira ya wanaosema hiyo ni fedha yao na wangeitaka yote. Mtu mwenye kodi ya nyumba na watoto shuleni haoni maana ya pensheni ya miaka ishirini ijayo. Lakini nimewaona pia waliochukua michango yote mara tatu katika maisha yao ya kazi, wakafika miaka 60 bila miezi ya kutosha. Pensheni ya uzee inataka miezi 180 ya michango, yaani miaka 15, na michango ya waajiri tofauti inajumlishwa. Ukikaa nje ya ajira unaweza kuendelea kama mchangiaji wa hiari, hata ukiwa unauza genge au unaendesha bodaboda.

Kwa kudai fao, nenda na barua ya kuachishwa, kitambulisho cha Taifa, namba ya uanachama, na maelezo ya akaunti ya benki yenye majina yanayofanana na ya kitambulisho. Majina kutofanana ndilo jambo linalowarudisha watu nyumbani zaidi kuliko jingine lolote. Kama kazini uliandikwa Mwajuma Saidi na kitambulisho kinasema Mwajuma Said Juma, anza kurekebisha sasa.

Kama uliondoka kazini ukiwa na jeraha au ugonjwa uliotokana na kazi, fidia yake haitoki NSSF. Inatoka kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huo unachangiwa na mwajiri peke yake, kwa hiyo ukiona makato ya WCF kwenye hati yako ya mshahara, hayo si halali.

Hatua ya 5: Jiandikishe kama mtafuta kazi

Ofisi ya serikali ya huduma za ajira, ambayo wengi wanaijua kama TaESA, husajili watafuta kazi, huwaunganisha na waajiri wenye nafasi wazi, na hutoa ushauri wa ajira na maandalizi ya usaili. Kujisajili ni bure. Kazi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hufanyika kwenye mfumo wake wa mtandaoni unaojulikana kama Ajira Portal. Huko nako ni bure. Unachohitaji ni namba ya NIDA, vyeti vilivyoskaniwa vizuri, na uvumilivu.

Tangazo la kazi la serikali lina lugha yake. Wasifu ndio wengi wanaouita sivii. Wadhamini kwenye tangazo ni watu wanaoweza kukuelezea tabia na utendaji wako. Usimwandike mjomba, mwandike aliyekusimamia kazini au aliyekufundisha, na umpigie kwanza. Cheti ni cheti kamili: hati ya matokeo ya muda haikubaliki kwenye ajira za serikali, na waliosoma nje ya nchi wanatakiwa vyeti vyao vihakikiwe na TCU (vya chuo kikuu), NACTVET (vya vyuo vya kati na ufundi) au NECTA (vya shule). Majina yakitofautiana kati ya vyeti, inatakiwa hati ya kubadili majina iliyosajiliwa. Kiapo cha mahakamani peke yake mara nyingi hakitoshi.

Usaili wa mchujo ni mtihani wa kuandika unaopunguza wengi. Usaili wa vitendo ni kwa kazi kama udereva, uhazili au ufundi. Wa mahojiano ndio ule wa kukaa mbele ya jopo. Ukifaulu na nafasi zikawa zimejaa, jina lako linahifadhiwa kwenye kanzidata, na unaweza kupangiwa kituo cha kazi baadaye bila kufanya usaili mwingine. Watu wengi huona jina halipo kwenye orodha ya kwanza wakakata tamaa na kubadili namba ya simu. Usibadili namba.

Mawakala binafsi wa ajira wapo na wengine wanafanya kazi nzuri, lakini wakala halali ana kibali cha Kamishna wa Kazi, na anayemlipa ni mwajiri. Anayekudai "hela ya fomu", "hela ya kupima afya mapema" au "hela ya kushika nafasi" kwa simu, ni mwizi. Mdogo wangu wa kike alitumiwa ujumbe wa namna hiyo wiki mbili baada ya kukosa kazi, na ulikuwa umeandikwa kwa Kiswahili safi cha ofisini. Maneno mazuri si ushahidi. Kwa wanaotafutwa kwenda kufanya kazi za ndani Oman na nchi nyingine za Ghuba, mkataba upitie TaESA kabla ya kuondoka, uwe umetaja mshahara, saa za kupumzika na nani anashika hati yako ya kusafiria, na nakala moja ibaki kwa ndugu nyumbani.

Hatua ya 6: Ujuzi, na karatasi ya kuuthibitisha

Miezi sita ya fao ni muda mzuri wa kusoma kitu, kama tumbo linaruhusu. Maneno ya mafunzo yanafanana na yanapotosha, kwa hiyo yatazame vizuri kabla ya kulipa ada.

Ufundi stadi ni mafunzo ya mikono: uashi, umeme wa majumbani, ushonaji, uchomeleaji, upishi. Yanatolewa na VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na pia na vyuo vingine, na ngazi zake ni tatu, ya kwanza hadi ya tatu. Kozi fupi ni za wiki au miezi michache, na hizi ndizo zinazomfaa zaidi mtu mzima mwenye familia. Kabla ya kujiunga na chuo binafsi, hakikisha kimesajiliwa. Cheti cha chuo kisichosajiliwa ni karatasi ya kupamba ukuta.

Uanagenzi ni kujifunza ukiwa nusu chuoni na nusu kiwandani au karakana, chini ya fundi mzoefu. Mafunzo ya uzoefu wa kazi ni ya mhitimu aliyekwisha kusoma na anahitaji kuingia ofisini kuona kazi inavyofanyika. Mafunzo kwa vitendo ni ya mwanafunzi ambaye bado anasoma. Mafunzo tarajali hutumika zaidi kwa madaktari na wauguzi wapya. Kujitolea hakuna mkataba wa ajira wala muda maalumu usipoandikwa, kwa hiyo omba barua inayotaja miezi na kama kuna posho. Nimemjua kijana aliyejitolea miaka minne kwenye ofisi moja, akifanya kazi kama mwenye ajira, na alipoomba cheti cha utumishi akaambiwa hakuwahi kuwa mtumishi.

Ninachotaka ukijue kuliko vyote katika hatua hii ni urasimishaji wa ujuzi. Kama umekuwa fundi seremala miaka kumi ukiwa umejifunzia kwa mjomba, au mpishi wa hoteli uliyeanzia kuosha vyombo, huhitaji kurudi darasani kuanzia mwanzo. VETA ina utaratibu wa kutathmini ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Wataalamu wanakuangalia ukifanya kazi, wanaona unayoyajua na mapengo yako, unapewa mafunzo mafupi ya kuziba mapengo hayo, kisha unapata cheti kinachotambulika. Fundi mwenye cheti hicho anaweza kuomba kazi kwenye kampuni ya ujenzi iliyoshinda zabuni ya serikali, mahali ambapo jana getini aliambiwa "fundi wa mtaani hatuchukui".

Mtu akikuambia serikali haina fedha za kufundisha watu, ifahamu tozo ya kuendeleza ujuzi: waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi huilipa kila mwezi kupitia TRA, na sehemu yake inaendesha mafunzo ya ufundi stadi. Kwa hiyo ulipokuwa kazini, mshahara wako ulikuwa kwenye hesabu hiyo. Nenda uombe mafunzo bila kujiona ombaomba.

Hatua ya 7: Mtaji na msaada mwingine

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarejea 2024. Mlango wake ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Ni mkopo, unarudishwa; anayeuita "hela ya mama" au "zawadi" anakuingiza matatizoni.

Msaada wa TASAF ni jambo jingine. Mpango wa kunusuru kaya maskini unalenga kaya, na walengwa hutambuliwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa. Ndani yake kuna ruzuku, na kuna ajira za muda kwenye miradi ya jamii kama barabara na malambo. Kupoteza kazi peke yake hakukuingizi kwenye mpango huo.

Hatua ya 8: Ukipata kazi mpya

Siku ya kwanza, mpe mwajiri mpya namba yako ile ile ya uanachama wa NSSF. Baadhi ya ofisi hufungua namba mpya kwa kila anayeingia kwa sababu ni rahisi kwao, na michango yako inakatika vipande viwili ambavyo utahangaika kuviunganisha ukiwa na miaka 59. Kama ulikuwa unalipwa fao la upotevu wa ajira, utoe taarifa kwamba umeajiriwa ili malipo yasimame. Fedha uliyolipwa isivyostahili hudaiwa.

Soma aina ya mkataba: wa muda maalumu, wa muda usiojulikana, au wa kazi mahususi unaoisha kazi ikiisha. Angalia kipindi cha matazamio ni miezi mingapi, na mshahara wa msingi umeandikwa kiasi gani ukitenganishwa na posho. Nakala yako uiweke pamoja na ile bahasha ya karatasi za kazi ya zamani. Mwezi wa tatu ukifika, omba taarifa ya michango uone kama ya mwezi wa kwanza imeingia.